Redio ya wilaya ifuate ratiba ya redio ya taifa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Makambako. Redio jamii tunayoianzisha imenipa kazi ya kuratibu vipindi, na kamati imegawanyika. Wazee wanataka siku ipangwe kama walivyoizoea redio ya taifa: habari, kilimo, afya, watoto, mchezo wa redio, salamu, matangazo ya vifo, kila kitu kwa zamu. Vijana wanasema hiyo ni kachumbari, msikilizaji wa leo anataka kituo kishike jambo moja, muziki na mijadala ya mpira, basi. Nani yuko sahihi? Na siku ya namna hiyo hupangwaje? Halafu mechi tuziweke wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Niseme mapema kwamba niko upande wa wazee, ingawa wazee wenyewe wamesahau nusu ya kile walichokipenda. Wanakumbuka kwamba redio ilikuwa na kila kitu. Hawakumbuki kwamba kila kitu kilikuwa na saa yake, na saa hiyo haikuchezewa. Hakuna mtu aliyefungua redio ili asikilize vipindi mbalimbali. Aliifungua kwa sababu saa mbili usiku imefika na ngoma ya taarifa ya habari inalia. Ukichukua mchanganyiko ukaacha saa, utapata hiyo hiyo kachumbari ya vijana, nao watakuwa na haki ya kuicheka.

Mchanganyiko wenyewe ulitokana na uhaba. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika 1951, mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na Julai 1965 serikali ikalivunja na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo mrithi wake leo ni TBC Taifa. Mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa redio binafsi, mtu wa Ludewa au Tukuyu aliyetaka kusikia Kiswahili hewani alitegemea hasa Idhaa ya Taifa, na kwenye masafa mafupi akawafuata BBC na Deutsche Welle. Redio nayo ilikuwa moja kwa nyumba, pengine moja kwa nyumba tano. Baba anataka habari, mama anataka kipindi cha afya, watoto wanasubiri hadithi za Mama na Mwana, babu anasubiri kusikia nani amefariki, na wote wanategemea betri zilezile zilizoanikwa juani mchana ili zivute siku mbili zaidi. Kituo hakikuwa na budi kumpa kila mmoja zamu yake.

Vijana wako watajibu kwamba uhaba umekwisha, basi na mchanganyiko uishe. Hapo ndipo ninapowauliza habari za Waingereza. BBC ilipopanga upya vituo vyake tarehe 30 Septemba 1967, ilitenga kituo cha muziki wa vijana, kingine cha muziki laini, kingine cha muziki wa okestra, na maneno ikayaachia Radio 4. Msikilizaji alikuwa na pa kukimbilia. Lakini Radio 4 haikugeuka kituo cha jambo moja. Mpaka leo siku yake inakwenda na habari za asubuhi, Woman's Hour, kipindi cha wanawake kilichoanza 1946, habari za saa saba mchana, vichekesho, sayansi, tamthilia, hadi utabiri wa hali ya bahari kwa mabaharia unaosomwa usiku wa manane. Ipo pia The Archers, mchezo wa redio kuhusu kijiji cha wakulima, uliorushwa nchi nzima kuanzia 1 Januari 1951 kwa ushauri wa wizara ya kilimo, maana baada ya vita chakula kilikuwa haba na mkulima alitakiwa kuelezwa mbinu mpya. Husikika jioni, mara tu baada ya habari za saa moja. Leo wanaousikiliza wengi ni watu wa mjini wasiofuga hata kuku. Uhaba wa vituo uliisha kwao zamani, na mchanganyiko wa maneno haukufa, kwa sababu ulikuwa umeshakaa katika saa za watu.

Sasa siku hupangwaje? Usianze na mada, anza na mikono. Kabla hujaandika kipindi chochote kwenye ratiba, jiulize saa hiyo mikono ya msikilizaji wako inafanya nini, na redio iko wapi: jikoni, shambani, dukani, kwenye pikipiki, au juu ya kabati. Mtu akishajua hilo, nusu ya ugomvi wa kamati huisha wenyewe.

Chukua saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi. Kwenu Juni na Julai baridi haina mchezo. Mtu yuko jikoni anachochea moto, mwingine anakamua ng'ombe, mwanafunzi anatafuta soksi. Wanaingia na kutoka. Hakuna hata mmoja anayeweza kufuatilia mazungumzo ya dakika ishirini, hata mgeni awe profesa. Kwa hiyo asubuhi ni ya vitu vifupi vinavyojitosheleza: muhtasari wa habari, hali ya hewa, barabara gani imeharibika, bei za mazao, matangazo. Kila kimoja kisizidi dakika tatu, na saa itajwe mara kwa mara mpaka mtangazaji aone aibu. Aendelee tu. Wapo wanaofungua redio asubuhi kwa ajili ya saa peke yake, na hao ni wasikilizaji halali.

Saa tatu hadi saa sita watu wengi wako shambani, na vijana hudhani hapo hakuna msikilizaji. Yupo. Fundi cherehani yupo, muuza duka yupo, bibi anayelea mjukuu yupo, mgonjwa yupo, dereva aliyesubiri mzigo tangu jana yupo. Hawa mikono yao ina kazi lakini masikio yako huru, na hawaendi popote. Hapa ndipo pa kuweka maneno marefu: mahojiano ya nusu saa, kipindi cha sheria ya mirathi, daktari anayejibu maswali ya presha na kisukari. Vituo vingi huweka muziki mtupu saa hizi na kubanana wote jioni. Mimi naona wanatupa msikilizaji mwaminifu kuliko wote.

Mchana habari za saa saba, fupi, na salamu baada yake. Alasiri watoto wametoka shule, wape nusu saa yao. Sitakaa sana hapo, ila mtafute mtu mzima anayejua kusimulia hadithi bila kuigiza sauti ya kitoto. Watoto huitambua dharau haraka.

Kipindi cha kilimo ndicho kitakachowapa sifa au kuwavunjia heshima, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kwenye vituo vingi nimekuta kimewekwa saa nne asubuhi, kwa sababu ndipo afisa ugani anapopatikana studio. Hiyo ni ratiba ya mgeni. Tuseme ni Januari, mvua imeshika, na kwenye viazi mviringo kuna baka jani chelewa. Andiko linalofika mezani huwa hivi: "Ugonjwa huu husababishwa na vimelea vinavyostawi katika mazingira yenye unyevu mwingi na ubaridi, hivyo mkulima anashauriwa kufanya ukaguzi wa mara kwa mara." Hakuna kosa ndani yake, na hakuna mtu atakayeamka kwa ajili yake. Mrudishie mwandishi, mwambie aandike upya:

"Kesho asubuhi, kabla umande haujakauka, ingia shambani. Shika jani la chini, ligeuze. Ukiona doa linaloonekana kama limelowa maji, linaanza kuwa kahawia, na pembeni yake kuna utando mweupe, usisubiri Jumamosi. Mwite bwana shamba siku hiyo hiyo."

Umeona sasa saa ilivyo sehemu ya andiko? Ule utando mweupe huonekana vizuri asubuhi kungali na unyevu. Kipindi kikirushwa saa nne, umande umeshakauka, na mtu wa kuambiwa "kesho asubuhi" yuko shambani mbali na redio. Kirushwe saa moja na robo jioni, mume na mke wakiwa nyumba moja, maana kwenye viazi mara nyingi mwenye jembe ni mama na mwenye kauli ya kununua dawa ni baba. Wakisikia pamoja, hakuna wa kusema hakuambiwa. Marudio yaende alfajiri. Na andiko lipitiwe na mtaalamu, pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo wanaoishi na viazi na mahindi ya ukanda huu, kabla mtangazaji hajalipamba. Jina la kiuatilifu likikosewa hewani, huwezi kulifuta kwenye masikio ya watu.

Jioni hiyo hiyo ndiyo nyumba ya mchezo wa redio. Usiruhusu kamati ikuambie ni ghali mno. Twende na Wakati ulianza RTD mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, ukizungumzia uzazi wa mpango na ukimwi. Watafiti walifanya jambo la busara: kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuurusha, ili eneo lake lilinganishwe na mengine. Tofauti ilionekana. Sehemu zilizousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi, na Dodoma nao walipopewa, mambo yakaanza kusogea. Kilichobeba mchezo ule ni watu wake, hasa Mkwaju, dereva wa malori mwenye mwanamke kila kituo, na Tunu mkewe aliyechoka kuvumilia. Mtu wa Makambako hahitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Barabara ya kwenda Tunduma inapita mlangoni kwake.

Waandishi wa michezo ya aina hiyo hupanga wahusika watatu: mwema, mbaya, na yule anayeyumba katikati. Wanaoanza huwapenda wawili wa kwanza na kumsahau wa tatu, ndipo mchezo unageuka mahubiri. Msikilizaji hamfuati mwema, anamwonea wivu tu. Anamfuata anayeyumba, kwa sababu ndiye mwenzake. Andikeni dakika kumi na tano, waigizaji wako kwenye kwaya na kwenye shule za sekondari, na kila sehemu iishe mtu akiwa hajaamua jambo.

Kuna somo jingine kutoka redio ya taifa ambalo wazee wa kamati yako huenda walilishiriki wenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio ilizungumza, kikundi kikasoma kijitabu, kiongozi akaongoza majadiliano, kisha watu wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kipindi peke yake kisingechimba choo hata kimoja. Kwenu vikundi vipo tayari bila kuunda vipya: VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hukutana kila wiki siku ileile, hesabu zikiisha wanakaa wanaongea. Tafuta siku ambayo vikundi vingi vya wilaya hukutana, wape dakika ishirini saa hiyo, na swali moja la kujadili. Wakupigie majibu wiki inayofuata. Hicho ni kipindi kisichohitaji mgeni kutoka mjini, na mkopo, riba na mdaiwa sugu ni habari zisizokauka.

Matangazo ya vifo vijana watataka yatolewe. Wakatalie. Najua makundi ya WhatsApp yamechukua kazi kubwa, lakini shangazi wa marehemu yuko nyuma ya milima, simu yake ni ya tochi na chaji imekwisha. Yasomwe kwa saa mbili maalumu tu, asubuhi na jioni, taratibu, kwa mpangilio usiobadilika: jina la marehemu, kijiji alikofia, watoto wa nani na ndugu walioko wapi wanaopewa taarifa, kisha mahali na saa ya maziko, irudiwe mara mbili. Kabla ya kusoma, mpigie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Wapo watu wenye visa vyao wanaopeleka studio kifo cha mtu aliye hai, na siku hiyo ikifika utafurahi kwamba kuna daftari lenye jina la aliyethibitisha.

Hapo ndipo viungo vya ratiba vinapojulikana. Huwezi kutoka kwenye maziko ya saa nane ukaingia na kicheko cha vichekesho. Watayarishaji wa zamani walikuwa na vitu vyao vya kupitisha pumzi: mlio wa ngoma, kipande cha ala bila maneno, kutaja kituo na saa. Taarifa ya habari ikiisha, yalifuata Mazungumzo Baada ya Habari, sauti moja ikizungumzia jambo moja, kisha ndipo mambo mengine. Siku yenye vitu vingi inahitaji milango kati ya chumba na chumba, na mlango mzuri ni sekunde kumi tu. Mfundishe mtangazaji wako asiseme "tukiachana na hayo". Hakuna anayeachana na msiba kwa sababu kipindi kimeisha.

Suala la milima nalipitia haraka, kwa kuwa ni la fundi mitambo. FM husafiri kwa kunyooka, ikikutana na mlima inaishia hapo, tofauti na masafa ya kati ya RTD ambayo usiku yalifika mbali. Tembeeni na redio ndogo kata kwa kata kabla ya kuahidi vipindi kwa vijiji msivyovifikia. Na mkumbuke kwamba wengi watawasikiliza kwa simu, ambayo mara nyingi redio yake haishiki mpaka waya wa spika za masikioni uchomekwe, maana ndio antena. Mtu wa namna hiyo anasikiliza peke yake, hana familia pembeni. Mshindani wake wa karibu pia si kituo kingine, ni flashi iliyochomekwa kwenye sabufa, yenye nyimbo zote anazozitaka. Kwa muziki hamtamshinda. Flashi haijui bei ya mahindi ya leo Makambako, wala nani anazikwa kesho Wanging'ombe. Waambie vijana hilo, ndiyo hoja yangu kubwa dhidi yao.

Pamoja na yote, msijaze siku nzima mwaka wa kwanza. Nusu saa moja ya maneno yaliyotengenezwa vizuri, yenye safari ya kijijini, kurekodi na kuhariri, humla mtayarishaji siku mbili. Mkiwa na watayarishaji watatu wasio na pikipiki, hesabu inajionyesha. Shikeni vipande vitatu: alfajiri hadi saa mbili asubuhi, saa saba hadi saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Hivyo vitengenezeni wenyewe, visiteleze hata dakika moja. Katikati jazeni marudio na muziki, vijana nao wapate saa zao, na nusu saa ya mahojiano kwa ajili ya yule fundi cherehani na mwenye duka. Marudio si aibu. Aliyekuwa shambani Jumatatu ndiyo kwanza anakisikia Jumatano.

Mechi zina mahali pake. Simba na Yanga zikikutana, au Prisons wakicheza nyumbani Mbeya, usishindane nazo kwa kipindi cha lishe. Ila igizo likihamishwa, tangaza tangu Alhamisi, asubuhi na jioni, kwamba Jumamosi litasikika saa tatu kasoro robo usiku, na ikifika saa hiyo lirushwe hata kama wachambuzi bado wanabishania penalti.